Mtepe umezama na amri niliituma: kutafuta kosa katika mchezo wa uhusika unaochezwa kwa barua

"Mbona mtepe wangu umezama, na mimi nilishaandika ugeuke?" Ujumbe huo ulinijia kutoka kwa rafiki yangu aliyeko Maskati, na aliuandika kwa uchungu wa kweli, maana mtepe ni chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, na chombo kile alikihangaikia mchezoni miezi minne: kutafuta mbao, kutafuta mafundi wa kushona, kukopa kwa tajiri wa Sofala. Mimi ndiye mwamuzi wa mchezo wetu, mchezo wa watu sita unaokwenda kwa barua pepe, na hadithi yake ni Kilwa ya karne ya 15. Nikafungua sanduku langu la barua. Amri yake ilikuwemo, imenyooka, haina kosa hata moja. Ilichelewa kwa saa 18.

Chanzo kilikuwa maneno yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeandika kwamba makataa ni "usiku wa Ijumaa, saa tatu". Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu siku huanza jua linapotua, na usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi baada ya magharibi. Mwenzangu alikulia bara, na kwake usiku wa Ijumaa ni Ijumaa yenyewe ikishaingia giza. Alituma Ijumaa saa tisa alasiri, ametulia, akiamini bado ana muda.

Naandika haya kwa sababu nimeona watu wengi wakiiacha michezo hii wakidhani imeharibika, kumbe kosa ni dogo na limejificha mahali ambapo hawakutazama. Nitaeleza dalili, kisha sababu zake, kwa kadiri nilivyokutana nazo.

Kwanza, mchezo wenyewe unavyokwenda

Kila mchezaji ana mhusika wake, au kundi la wahusika. Mwamuzi humpelekea ripoti: uko wapi, unaona nini, una nini mkobani. Mchezaji hufikiri kwa siku kadhaa, huandika amri, na kuzituma kabla ya makataa. Makataa yakifika, mwamuzi hukusanya amri za wote, huzitekeleza kwa pamoja, na huandika ripoti mpya. Hiyo ndiyo zamu moja. Kwenye bao unaona mkono wa mwenzako ukisambaza kete ndipo nawe ucheze. Hapa wote mnacheza kwa wakati mmoja bila kuonana, na matokeo huja na barua.

Asili yake ni Posta hasa, bahasha na stempu. Mwaka 1963, huko Marekani, John Boardman alianza kuendesha Diplomacy, mchezo wa ubao wa vita na mapatano, kwa barua kupitia jarida lake dogo lililoitwa Graustark. Mwaka 1970 Rick Loomis, akiwa mwanajeshi huko Hawaii, alianzisha mchezo wa Nuclear Destruction, na kampuni yake, Flying Buffalo ya Arizona, ikawa ikitumia kompyuta kuhesabu matokeo. Baada ya Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika mezani, kutoka mwaka 1974, uhusika na hadithi vikaingia ndani ya bahasha. Tribes of Crane ilikuja 1978, na Hyborian War mwaka 1985. Mwaka 1993 Russell Wallace alitoa Atlantis, mchezo uliotengenezwa kwa ajili ya barua pepe.

Nataja historia hiyo kwa sababu iliacha koo mbili, na tiba hutofautiana. Kuna michezo ambayo amri husomwa na mashine, na kuna ambayo husomwa na binadamu. Kabla hujalalamika, jiulize amri yako ilisomwa na nani. Mashine hufuata herufi. Binadamu hufuata nia anayodhani unayo, na hapo ndipo anapoweza kupotea.

Dalili: ripoti inasema sikutuma, na mimi nilituma

Anza na saa, maana hilo ndilo linalotuumiza zaidi sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Makataa yakiandikwa "3:00" katika barua ya Kiingereza, mkono wetu huandika saa tatu kwenye kalenda, na kumbe ni saa tisa. Kisha kuna tofauti ya majira. Saa sita usiku ya London, wakati wao wa baridi, ni saa tisa usiku Dar es Salaam na Nairobi. Wakati wao wa joto ni saa nane usiku. Saa sita usiku ya New York ni saa mbili asubuhi kwetu wakati wa baridi, na saa moja asubuhi wakati wa joto. Sisi saa zetu hazisogei, wao husogeza zao mara mbili kwa mwaka, na Marekani na Uingereza hawasogezi wiki ileile. Nimeona wachezaji wazuri wakipoteza zamu mwezi Machi na mwisho wa Oktoba bila kubadili tabia yoyote.

Kuhusu usiku wa Ijumaa nimeshasema. Pwani na Visiwani wengi bado wanahesabu hivyo, na si kosa, ni hesabu yetu ya tangu zamani. Lakini mwamuzi akiwa na wachezaji wa Zanzibar, Mwanza, Lubumbashi na Leeds kwenye meza moja, aandike siku, tarehe, saa na jina la mji.

Kama saa ilikuwa sahihi, tazama njia. Barua inaweza kuwa imeangukia kwenye folda ya barua taka ya mwamuzi. Hutokea hasa ukituma kiambatisho bila neno lolote kwenye barua yenyewe. Kwa hiyo andika amri ndani ya barua, na uombe mwamuzi ajibu "nimepokea". Kwenye mchezo wetu neno hilo ni la lazima. Asiyelipata ndani ya siku moja ana haki ya kunipigia simu.

Kwa michezo ya mashine kuna tatizo jingine, nalo ni simu yako ya mkononi. Amri za Atlantis zina sura hii:

#atlantis 17 "chaza"
unit 1402
move n
#end

Mstari wa kwanza ni namba ya kundi lako na nenosiri, wa pili ni namba ya kikosi, wa tatu unakiambia kiende kaskazini. Sasa andika hayo kwenye simu. Simu inaona alama za kunukuu zilizonyooka, inazipindisha ziwe nzuri kwa macho. Inaona "move n", inakuza herufi ya kwanza na kukupendekezea neno jingine. Wewe huoni tofauti, lakini programu inayotafuta alama iliyonyooka haiioni, na nenosiri lako linahesabiwa si sahihi. Zima usahihishaji wa tahajia, tuma kwa maandishi matupu yasiyo na rangi wala mtindo, na usinakili amri kutoka kwenye programu ya kuandikia nyaraka. Ukishatuma, fungua nakala iliyo kwenye folda ya zilizotumwa, uisome herufi kwa herufi. Dakika mbili zinatosha.

Dalili: amri imepokelewa, lakini mambo yamefanyika kinyume

Hapa watu hudhani programu ina hitilafu. Mara nyingi programu iko sawa. Kinachotatiza ni kwamba mchezaji anaandika amri kwa mpangilio wa kichwa chake, na mchezo unazitekeleza kwa mpangilio wake.

Mfano ulio wazi kabisa ni Middle-earth Play-By-Mail, mchezo wa 1991 wenye mataifa 25. Kila amri ina namba, na kompyuta huzitekeleza kuanzia namba ndogo kwenda kubwa, hata ukiziandika kinyume. Namba za kushambulia ni ndogo kuliko namba za kusafiri. Ukimwambia jemadari aende kwenye mji fulani na ashambulie, amri ya shambulio hushika pale alipo sasa, kisha ndipo anasafiri. Anafika kwenye mji akiwa hajaugusa. Mchezaji mgeni hukasirika, ilhali mwenye kujua hupanga safari zamu hii na shambulio zamu ijayo, na humtuma mtu mwingine atangulie kupeleleza.

Atlantis nayo ina mtego wake wa fedha. Amri za kupeana hutekelezwa kabla ya zile za kuuza. Kwa hiyo huwezi kuuza ngano zamu hii na kumpa ndugu yako fedha hiyohiyo zamu hii. Wakati wa kupeana, fedha bado haijazaliwa. Lakini kuuza hutangulia kununua, hivyo kikosi kilekile kinaweza kuuza na kununua katika zamu moja. Ukilishika hilo, nusu ya malalamiko ya wageni yanakwisha.

Sababu ya pili ni kwamba wenzako nao walitoa amri. Kwenye Diplomacy, vikosi viwili vyenye nguvu sawa vikielekea jimbo moja, vyote hubaki vilipokuwa. Ripoti itaonyesha kikosi chako hakikusogea, nawe utadhani amri haikusomwa. Ilisomwa, ila kuna mtu mlangoni. Kabla hujamwandikia mwamuzi, tafuta nani mwingine alitaka mahali pale.

Tiba ni moja: chapa orodha ya mfuatano wa utekelezaji, iweke kando ya daftari lako, na upitishe amri zako ndani yake moja moja kabla ya kutuma. Fuata hesabu kwa kalamu: nina fedha kiasi gani hatua hii inapoanza, nina watu wangapi, wako wapi.

Dalili: mhusika wangu kafanya jambo ambalo nisingelifanya

Hili ni la michezo inayosomwa na binadamu, na ndilo ninalolipenda kulieleza, kwa sababu likitibiwa mchezo hubadilika kabisa.

Zamu ya tatu ya mchezo wetu, mchezaji mmoja aliniandikia hivi: "Nakwenda sokoni kumtafuta muuza pembe nimuulize habari za meli." Basi. Kwenye hadithi yangu muuza pembe alikuwa ameshavuka kwenda bara. Nikaandika kwamba mhusika alizunguka sokoni, hakumwona, akarudi nyumbani. Wiki mbili za mtu zimekwenda. Aliumia, na alikuwa na haki ya kuumia, lakini mimi ningefanya nini? Sikujua anataka habari za meli kwa ajili gani. Ningemtuma bandarini kwa kubahatisha na akakamatwa, ingekuwa mbaya zaidi.

Tukazungumza kwa simu. Zamu iliyofuata akaandika:

"Lengo: nijue nani alilipia shehena ya Sofala, kabla chombo hakijang'oa nanga. Kwanza naulizia kwa jirani wa muuza pembe amekwenda wapi na atarudi lini. Akiwa mbali, nakwenda bandarini kwa karani wa ushuru, ambaye ananifahamu kwa baba yangu. Natoa hadi sarafu 5 za shaba. Akitaka zaidi, naaga kwa heshima na kuondoka. Simtaji tajiri wangu kwa jina lolote. Sichomoi jambia isipokuwa nimezuiwa njia."

Tazama yaliyomo. Lengo limetangulia, kwa hiyo hata mpango ukivunjika najua aelekee wapi. Kuna njia ya pili. Kuna kikomo cha fedha na kikomo cha hatari. Na kuna jambo asilolitaka kabisa, la jina la tajiri, ambalo bila yeye kulisema ningeweza kuliweka kinywani mwa mhusika wake kwa nia njema. Mistari ile ilimpatia jina la mlipaji, adui mmoja mpya, na ukurasa mzima wa ripoti.

Mwamuzi akisoma amri yako wewe hupo. Hawezi kukuuliza "halafu je?" katikati ya tukio. Kwa hiyo mpe "halafu" mbili au tatu mapema. Zikizidi hapo, amri inakuwa mkataba, na mwamuzi atachoka kabla hajafika mwisho. Sisi tuna kikomo cha maneno 250, na sijaona amri nzuri iliyohitaji zaidi.

Kosa jingine linalofanana na hilo ni kuandika matokeo badala ya jaribio. "Namshawishi karani anifungulie ghala" ni matokeo. Andika unachosema na unachotoa, mwachie mwamuzi aamue kama karani ameshawishika.

Dalili: hadithi haisogei, wahusika wanaongea tu

Mhusika amefika nyumba ya mzee wa mji, anapiga hodi. Zamu imekwisha. Zamu ijayo: "Karibu." Ijayo: salamu, hali, watoto, safari. Kwa zamu za wiki mbili, maongezi yenye majibizano sita yanakula karibu miezi mitatu, na sisi Waswahili hatuwezi kuruka salamu bila kumvunjia mtu heshima, hata katika hadithi.

Dawa ni kuyatoa mazungumzo nje ya zamu. Wachezaji wawili ambao wahusika wao wamekutana waandikiane wenyewe siku za katikati, kwa barua au kwa WhatsApp, wakubaliane walichoambiana, na wampelekee mwamuzi muhtasari wa mistari mitatu. Mazungumzo na mtu wa mwamuzi yaandikwe yote kwa mpigo: namsalimu, nampa zawadi, namuomba hili, akikubali nafanya hivi, akikataa nafanya vile. Swali usiliache peke yake mwishoni mwa amri. Ukiuliza, sema pia utafanya nini kwa kila jibu unalolitarajia.

Dalili: zamu zinachelewa, kisha kimya

Tazama nani anasubiriwa. Mwamuzi anayesubiri mchezaji wa mwisho ndipo aendeshe zamu amekwisha kuupoteza mchezo, kwa sababu wale watano waliowahi hujifunza kwamba kuwahi hakuna faida. Kwenye Diplomacy ya barua jambo hili lilitatuliwa mapema. Asiyetuma huandikwa NMR (kwa Kiingereza "No Moves Received", yaani hakuna amri iliyopokelewa), vikosi vyake husimama vilipo, na zamu huendelea. Waendeshaji walikuwa pia na orodha ya wachezaji wa akiba wa kushika nafasi iliyoachwa. Mchezo wa uhusika unahitaji vyote viwili. Kila mhusika wetu ana amri ya kudumu, sentensi mbili zinazosema atafanya nini mchezaji wake akinyamaza: "Anabaki nyumbani, anahudumia wagonjwa, anakataa ugomvi." Mchezaji akinyamaza zamu mbili, nampigia simu. Sitangazi mbele ya wenzake, maana mara nyingi kuna msiba, mtihani au kazi mpya.

Kama anayechelewa ni mwamuzi, basi mzigo umemzidi. Ripoti ya mkono ya mhusika mmoja hunichukua karibu saa moja na nusu. Zidisha kwa sita. Wachezaji wasiulize "ripoti iko wapi?" Waombe zamu iwe ya wiki tatu, au mmoja wao achukue kazi ya kutunza hesabu za mali.

Michezo ya kulipia kwa zamu nayo hunyamaza. Nimewahi kulipa zamu kumi mbele kwa mwendeshaji mmoja, zikaja tatu. Lipa zamu moja au mbili, na kabla ya kujiunga uliza bei ya jambo la ziada, kwa sababu bei ya kuanzia mara nyingi ni ndogo kuliko bei ya kuendelea.

Dalili: watu wanashukiana kuhusu dadu

Mwamuzi anarusha dadu peke yake chumbani, na ripoti inasema umeshindwa mara nne mfululizo. Shaka huingia hata kwa watu wanaopendana. Wachezaji wa zamani wa michezo ya vita ya Avalon Hill, kampuni ya Marekani, waliweka mfano mzuri. Waliokota tarakimu ya mwisho ya mauzo ya hisa fulani kama ilivyochapishwa gazetini siku waliyokubaliana, namba ambayo hakuna mmoja wao angeweza kuichezea. Sisi tunatumia namba za bahati nasibu inayotangazwa hadharani, kwa siku iliyotajwa kabla. Tangu tulipoanza, hakuna aliyeniuliza tena.

Dalili: kosa limeonekana, ripoti zimeshatoka

Hapa narudi kwa mtepe. Kama kosa ni la mwamuzi na hakuna mchezaji mwingine aliyeitumia ripoti, litengue siku hiyohiyo na uwaambie wote. Kama kuna aliyekwisha kupanga au kutuma amri kwa kutegemea yaliyotokea, usitengue, maana utamlipa mmoja kwa kumnyang'anya mwingine. Fidia itafutwe mbele, ndani ya hadithi.

Wakati rafiki yangu ananiandikia, mchezaji wa Mombasa alikuwa tayari amenunua kwa bei ya juu nguo ambazo angalizipata rahisi kama mtepe ungefika. Kwa hiyo mtepe ulibaki chini ya maji. Niliwaandikia wote kwamba kosa la makataa ni langu, nikaeleza lilivyotokea, na nikawaomba ruhusa ya jambo moja: mabaharia wote waokoke na sanduku la nahodha litupwe nao kwenye ufuko wa Songo Mnara, kisiwa kilicho karibu na Kilwa. Wenzake wote watano walikubali.

Makataa sasa yanasomeka hivi: "Alhamisi tarehe 12, saa 3:00 usiku, saa za Dar es Salaam, Maskati ni saa 4:00 usiku." Amri yake ya zamu iliyofuata iliingia siku tatu kabla. "Nawahesabu watu wangu ufukoni, naita kila mmoja kwa jina. Kisha natafuta usumba, tuanze kusokota kamba."